Tukale Mtaani: Wito kwa Waswahili wa Viunga vya Paris

Ndugu zangu mnaokaa Montreuil, Saint-Denis, La Courneuve, Ivry, Vitry na kwingineko kuizunguka Paris. Mliotoka Goma na Bukavu, Bujumbura, Moroni, Unguja, Mombasa na Dar es Salaam: nina ombi kwenu, nalo ni la kula. Katika mtaa wenu, karibu na kituo cha metro au nyuma ya soko, ipo bistro. Mnaipita kila asubuhi mkienda kazini. Ina mlango wa kioo, kaunta ndefu, ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki, na viti vichache vilivyopangwa nje. Naomba muingie. Muingie mchana mmoja katika juma, mkae, mle chakula cha siku hiyo, na juma linalofuata mrudi.

Ombi hili lina haraka. Mwaka 1960 Ufaransa ilikuwa na mikahawa na bistro zipatazo 200,000. Leo zinakadiriwa kuwa chini ya 40,000. Nyingi zilizofungwa ni za vijijini, na huko watu wameshtuka: mwaka 2019 shirika la Groupe SOS lilianzisha mpango wa kufungua mikahawa 1,000 katika manispaa zenye wakazi wasiozidi 3,500. Ni kazi njema. Lakini mji wa viungani wenye watu zaidi ya 100,000 haukuwamo katika mpango huo. Bistro yake ikifungwa hakuna mwandishi wa habari anayefika. Pazia la chuma linashushwa, karatasi inabandikwa, miezi inapita, kisha linafunguliwa duka la kuku wa kukaanga. Wale waliokuwa wakikutana pale kila siku hawana tena mahali pa kukutana, na wengine hawaonani tena.

Tuseme ukweli kuhusu nani alizijenga sehemu hizi, maana wengi wetu tunadhani ni za watu wengine.

Viunga na meza ya bei nafuu ni ndugu wa siku nyingi. Katika miaka ya 1780 watoza kodi wa mfalme waliizungushia Paris ukuta wa ushuru. Pipa la divai lililopita langoni lilitozwa. Lililobaki nje lilinyweka kwa bei ya chini. Wafanyakazi wakafanya hesabu yao. Jumapili walitoka nje ya malango na watoto wao, wakala, wakanywa, wakacheza ngoma zao mpaka jua lizame. Mwaka 1860 Paris ilipovimeza vijiji vilivyoizunguka, Belleville na La Villette vikiwemo, mpaka wa ushuru ulisogea, na wapenda meza ya bei nafuu wakasogea nao. Reli ya Vincennes ilikuwa imefunguliwa mwaka mmoja kabla, 1859. Iliwachukua kutoka Bastille hadi Nogent na Joinville, ukingoni mwa mto Marne, ambako walikula samaki wadogo wa kukaanga chini ya miti. Sehemu ya reli hiyo ndiyo RER A ya leo. Wengi wetu huipanda tukiwa tumesimama, tumebanana, tukirudi nyumbani usiku.

Na waliosimama nyuma ya kaunta? Wengi wao walikuwa wahamiaji. Walitoka milima ya Auvergne na Aveyron, kusini ya kati ya Ufaransa, ambako ardhi haikutosha kulisha watoto wote wa nyumba moja. Walipofika Paris walibeba maji ndoo kwa ndoo hadi ghorofa za juu. Baadaye walibeba kuni na makaa. Kisha kando ya magunia ya makaa wakaweka meza mbili na chupa kadhaa za divai. Mume akapeleka mizigo kwa wateja, mke akabaki kupika supu na kuhudumia. Watu wa mjini waliwacheka lafudhi na mikono yao myeusi kwa vumbi la makaa. Lakini walisaidiana: aliyetangulia alimpokea mpwa wake, akamfundisha kazi, akamkopesha mtaji. Mwaka 1882 Louis Bonnet aliwaanzishia gazeti lao, L'Auvergnat de Paris, lililowapa habari za kwao na matangazo ya mikahawa inayouzwa. Sehemu kubwa ya mikahawa ya Paris ilipita mikononi mwao.

Baada yao wakaja watu wa Kabylie, Algeria, kati ya vita vikuu viwili na zaidi baada ya 1945. Wao walichukua mikahawa yenye vyumba vya kulala juu, katika mitaa ya viwanda. Kibarua aliyefika hana mtu alipata pale kitanda, chakula, anwani ya kupokelea barua na mtu wa kumsomea barua hiyo. Mwenye mkahawa alimtunzia pesa zake na kumsaidia kuzituma nyumbani. Siku hizi kaunta nyingi, hasa za mikahawa inayouza pia sigara, ziko mikononi mwa familia za Kichina, na wanaoamka alfajiri kuzifungua ni mabinti na wavulana waliosoma shule za hapahapa.

Historia hii haimo kwenye kadi za posta. Bistro ya viungani ni kazi ya mikono ya wageni, kizazi baada ya kizazi, na hodi yake imebishwa na watu kama sisi tangu zamani. Tukiikwepa kwa kudhani si mahali petu, tunajitenga na nyumba iliyojengwa na wenzetu.

Nitasema zaidi habari za Montreuil kwa sababu ndiko ninakoishi na ndiko ninakokula. Ni mji ulioshikana na Paris upande wa mashariki. Metro ya laini ya 9 iliufikia mwaka 1937. Ulikuwa mji wa pichi zilizokuzwa kwenye kuta zilizopakwa plasta ili zipate joto, kisha ukawa mji wa karakana na viwanda, kisha Wamali wengi wakaufanya maskani yao, na sasa vijana waliofukuzwa na kodi za Paris wanahamia kwa wingi. Tabaka zote hizo zinaonekana katika bistro zake. Acha nizilinganishe tatu. Majina siyataji, kwa kuwa wenyewe hawakuniomba niwatangaze, na kwa kuwa za aina yake mtazipata pia Ivry, Pantin au Aubervilliers.

Ya kwanza iko karibu na soko la Croix de Chavaux. Ni ya mtindo wa zamani: sakafu ya vigae, kaunta ya bati, vioo ukutani, karatasi nyeupe juu ya meza. Mume yuko mbele, mke yuko jikoni. Ubaoni hamna zaidi ya vyakula vitatu vya kuanzia na vitatu vikuu, na kile wanachokiita plat du jour, chakula cha siku, hubadilika kila siku. Ukifika Jumanne huenda ukakuta blanquette, nyama ya ndama iliyochemshwa taratibu kwa karoti na uyoga, mchuzi wake mweupe na mzito wenye tone la limau. Alhamisi ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa katika divai tangu jana yake. Ijumaa ni samaki, desturi ya Kikatoliki iliyobaki hata kwa wasiokanyaga tena kanisani. Vyakula viwili na kahawa havifiki euro 20. Wateja wake ni walimu, makarani wa manispaa, na wazee wajane wanaokula peke yao lakini kwenye meza ileile kila siku. Mhudumu anajua nani hali vitunguu na nani jana alikuwa hospitali.

Ya pili iko pembeni mwa barabara huko Bas-Montreuil, na mwenyewe ametoka Kabylie. Hii hakuna atakayeipiga picha. Taa zake ni za mirija, televisheni inaonyesha mbio za farasi, viti havifanani. Hufunguliwa alfajiri kwa ajili ya mafundi ujenzi, wafagiaji wa barabara na madereva. Kahawa, ukiinywa umesimama kaunta, ni chini ya euro 2; ukikaa mezani inapanda kidogo, kama ilivyo desturi ya nchi nzima. Mchana kuna kimanda na saladi, au kipande cha nyama ya ng'ombe na chipsi. Ijumaa kuna kuskusi, na siku hiyo msipofika mapema hampati kiti. Wazee wa Kimali waliostaafu hukaa pale na kikombe kimoja asubuhi nzima, na hakuna anayewaondoa. Hapo watu huacha funguo za nyumba, hupokea vifurushi vya majirani, huulizia chumba cha kupanga. Hapo nimemwona kijana wa chuo akimsomea mzee barua ya ofisi ya malipo ya uzeeni, mstari kwa mstari, na mwenye bistro akipunguza sauti ya televisheni ili wasikilizane.

Ya tatu ni mpya. Vijana wawili waliopitia jikoni za hoteli kubwa walikodi duka lililokuwa la vipuri, wakabomoa ukuta, wakaliweka jiko wazi ili mteja aone anayempikia. Mboga zinatoka kwa wakulima wa Île-de-France, mkate unatoka kwa mwokaji wa jirani, sahani ni ndogo na zinagawanwa. Jioni mtu mmoja hatoki chini ya euro 40. Mchana wanajitahidi: kuna mlo wa bei moja unaokaribia euro 25, na umepikwa kwa ustadi wa hali ya juu.

Ukitaka kuzilinganisha kwa haki, agiza chakula kimoja katika zote. Mimi huagiza mayai ya mayonezi, chakula cha kuanzia cha bei ndogo kuliko vyote, kisicho na pa kujificha. Mwandishi wa mambo ya mapishi, hayati Claude Lebey, alikithamini kiasi cha kuanzisha chama cha kukitetea, na chama hicho huwashindanisha wapishi. Katika bistro ya tatu kiini cha yai ni laini, mayonezi imepigwa muda huohuo na ina ukali wa haradali unaofika puani. Katika ya kwanza yai limeiva zaidi, mayonezi ni nzuri, na chini yake kuna saladi ya mboga iliyokatwa kwa kisu, si ya kopo. Katika ya pili yai ni gumu na mayonezi imetoka chupani. Nimeyala yote matatu kwa furaha, ila kwa ulimi peke yake ya tatu inashinda waziwazi.

Hata hivyo mlo wa kila siku wa mtu anayefanya kazi ninauona katika bistro ya kwanza. Chakula chake kinashibisha, hakimchoshi mtu, na bei yake haimfanyi mama mwenye watoto watatu aone aibu kuketi. Na mkiniuliza mtaa utaumia zaidi ipi ikifungwa, nitasema ya pili, bila kusita. Kazi inayofanywa pale ndiyo iliyofanywa na baraza za nyumba zetu za pwani: mtu kupita, kusalimia, kuketi bila kualikwa, kupata habari, kuonekana kuwa yu hai. Tofauti ni kwamba baraza haikulipa kodi ya pango kila mwezi. Bistro hii inalipa, mwenyewe ana umri mkubwa, watoto wake wamesoma na hawataki kuamka saa kumi za usiku, na wajenzi wa maghorofa wameshaanza kuipigia hesabu ile pembe ya barabara.

Msizidharau bistro za namna hiyo kwa sababu ya mayonezi ya chupa. Lakini msikubali pia kula vibaya kwa bei kubwa, maana yapo majengo yenye sura ya bistro ambayo jikoni kuna mkasi wa kufungulia pakiti na tanuri la kupashia moto tu. Kuchagua si kugumu. Tazameni ubao kwanza. Ukiwa mfupi na umeandikwa leo, kuna mtu anayekwenda sokoni. Menyu ya kurasa nyingi, yenye pitsa, samaki wa kila bahari na picha za rangi, haiwezi kupikwa na watu wawili katika jiko la mita chache. Vitu vile vimefika vikiwa vimegandishwa. Tafuteni alama ya sufuria yenye paa la nyumba juu yake. Tangu 2014 sheria ya Ufaransa inairuhusu kwa chakula kilichopikwa palepale kutokana na vyakula vibichi. Sheria hiyo ina mianya mingi, kwani mboga zilizogandishwa zinakubaliwa, lakini viazi imevishikilia: chipsi zilizogandishwa haziwezi kuitwa za nyumbani. Kwa hiyo chipsi ni shahidi mzuri. Zikiwa hazilingani, nyingine ndefu nyingine fupi, zenye ngozi kidogo pembeni, kuna mtu aliyemenya viazi asubuhi.

Kuhusu pesa nitasema kwa ufupi, maana najua mifuko yetu. Bistro haitajirishwi na kahawa. Inaishi kwa saa mbili za mchana, siku tano za juma. Meza zikijaa mara moja inalipa bili. Zikijaa mara mbili inabaki na kitu. Mwezi Machi 2020 zote zilifungwa kwa sababu ya korona, zikafunguliwa kiangazi, zikafungwa tena mwisho wa Oktoba, na hazikuruhusiwa kuweka wateja hata nje hadi tarehe 19 Mei 2021. Waliporudi, wafanyakazi wengi wa ofisini walikuwa wameshazoea kufanya kazi nyumbani siku mbili tatu za juma. Ndizo siku ambazo mhudumu anasimama akitazama mlango.

Basi wengi wetu tuna kitu mfukoni ambacho hatukitumii vizuri: kadi au karatasi za chakula zinazotolewa na mwajiri, ziitwazo titre-restaurant. Mwajiri hulipia kati ya asilimia 50 na 60 ya thamani yake, na unaweza kutumia hadi euro 25 kwa siku. Wengi huzimalizia dukani kwa kununua mchele na mafuta. Siwalaumu, mchele unaliwa na nyumba nzima. Ninachoomba ni moja kati yake kila juma iende kwa mpishi wa mtaa wenu. Na mjue haki zenu mezani. Mkate hauongezwi kwenye bili ya chakula. Jagi la maji ya bomba ni la bure, na tangu 2022 sheria inaitaka migahawa iandike mahali panapoonekana kwamba mteja anaweza kuyaomba. Bei iliyoandikwa imejumlisha huduma. Bakshishi ni hiari yenu. Bili hailetwi mpaka muiombe, kwa kuwa kuileta mapema ni kama kumfukuza mgeni.

Nafika kwenye jambo ambalo najua linawazuia wengi kuliko pesa.

Waislamu miongoni mwetu wananiambia: pale ni mahali pa pombe na nguruwe, mtu wa dini yetu anakwenda kutafuta nini? Hofu hiyo naiheshimu, na simwombi mtu aivunje imani yake kwa ajili ya mkahawa. Ni kweli divai iko kaunta, na nyama ya bistro ya kawaida haikuchinjwa kwa namna yetu. Lakini Waislamu wa Kabylie, wa Mali na wa Komoro wamekaa katika viti hivi miaka mingi bila kuipoteza dini. Kuna samaki, kuna mayai, kuna liki za haradali na siki, kuna saladi ya dengu ambayo mtaiomba bila vipande vya nyama. Kunyweni kahawa, chai ya mnanaa, maji yenye sharubati ya matunda. Ulizeni waziwazi mchuzi umetiwa divai au la. Mpishi anayepika mwenyewe atawajibu papo hapo, na asiyeweza kujibu mmeshamjua. Asiyestarehe kabisa kuketi penye pombe asilazimike. Naye anaweza kununua kahawa yake ya asubuhi mlangoni, asalimie, apite.

Wengine wanaogopa lugha, na wengine wanaogopa kutazamwa. Hili linanigusa sana, kwa sababu nimewaona akina mama zetu, wanaosafisha ofisi za Paris tangu saa kumi na moja alfajiri, wakisubiri basi wamesimama kwenye baridi mbele ya kioo cha bistro yenye joto na viti vitupu. Mama, kiti kile ni chako. Ukiingia sema bonjour kwa sauti ya kusikika kabla ya neno lingine lolote. Hapa salamu ndiyo mlango, kama ilivyo kwetu, na asiyesalimia huhesabiwa hana adabu. Kisha nyoosha kidole kwenye ubao. Kifaransa chako kinatosha. Ukirudi mara ya tatu utakuta kikombe chako kinawekwa kabla hujaagiza, na siku usipotokea kuna mtu atakayeuliza yuko wapi.

Naomba pia kitu kwa vijana wetu waliozaliwa hapa. Ninyi mnaijua lugha, mnazijua taratibu, na mna simu inayowaletea chakula hadi mlangoni. Anayekileta mara nyingi ni kijana mwenzenu asiye na karatasi, juu ya baiskeli, kwenye mvua. Wachukueni wazazi wenu mchana wa Jumamosi mkale nao mtaani. Mkipata nafasi, jifunzeni kazi hii. Jikoni nyingi za mkoa huu zinashikiliwa na Wamali, Wasrilanka, Wabangladeshi na Wakongo wanaopika vyakula vya Kifaransa kwa mkono uliokomaa, na wachache tu kati yao wana funguo za mlango wa mbele. Wazee wa Auvergne walipokaribia kustaafu walitafuta wapwa zao. Wenye bistro wa leo wanatafuta warithi, na hakuna sababu mrithi mmoja asitoke Bukavu au Moroni.

Tena kuna la kufanya zaidi ya kula. Nchi yenyewe imeanza kuona inachopoteza: Alain Fontaine, mwenye bistro ya Le Mesturet katikati ya Paris, amekuwa akiongoza kampeni ya kutaka bistro zitambuliwe kuwa urithi tangu 2018, na mwaka 2024 maisha ya bistro na mikahawa yaliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika. Heshima ni nzuri, ila haizuii jengo kuuzwa. Kinachoweza kulizuia ni manispaa. Tangu 2005 sheria inaziruhusu manispaa kuchora eneo la mji ambamo biashara inapouzwa zina haki ya kuinunua kwanza, ili kuikabidhi kwa mtu atakayeiendeleza. Leseni ya pombe kali, ambayo kwa kawaida haitolewi mpya, hufa isipotumika kwa miaka 5. Kwa hiyo bistro iliyofungwa kimya ina muda wa kuokolewa, halafu muda huo unakwisha.

Wengi wetu si raia wa Ulaya, na sheria ya Ufaransa haitupi kura katika uchaguzi wa manispaa. Lakini vikao vya baraza la manispaa viko wazi kwa umma, barua kwa meya haiombwi kadi ya mpiga kura, na sahihi ya mkazi ni sahihi ya mkazi. Mkisikia bistro ya mtaa wenu inauzwa, ulizeni: je, pembe ile imo katika eneo lililochorwa? Meya ana mpango gani nayo? Ulizeni mkiwa wengi, pamoja na wale wazee wa meza ya pembeni, walimu na mafundi. Mahali pengine wakazi wameunda chama chini ya sheria ya vyama ya 1901 na kuendesha mkahawa wenyewe kwa zamu, kila mwanachama akitoa mchango mdogo wa mwaka. Kazi yake ni ngumu na faida yake ni ndogo, lakini milango iko wazi.

Wakati treni mpya za mradi wa Grand Paris zinazidi kutufikia, ardhi ya viunga inapanda bei. Laini ya 14 ilifika Saint-Denis Pleyel mwezi Juni 2024. Mwezi huohuo laini ya 11 ilivuka sehemu za juu za Montreuil hadi Rosny-sous-Bois. Nimeifurahia kama kila mtu, kwa kuwa inafupisha safari ya kazini. Pamoja nayo kodi za maduka zinapanda, na wa kwanza kushindwa ni yule anayeuza kahawa kwa chini ya euro 2. Ambaye hana wateja wa kumtetea ataondoka wa kwanza.

Basi juma hili chagueni siku moja. Fikeni kati ya saa sita na saa nane mchana, maana baada ya hapo jiko hufungwa. Muende na mwenzenu wa kazini, au na jirani ambaye hamjawahi kuongea naye zaidi ya salamu za ngazini. Salimieni, ulizeni leo kumepikwa nini, mle, mlipe, mseme mtarudi. Kisha mrudi.